Kikopo cha Mwanne na Mkono wa Fabian

Mwanne binti Mohamedi alianza kuwa fundi redio kabla hajawa fundi wa kitu kingine chochote. Alifundishwa na baba yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Makole mjini Dodoma, enzi zile ambapo redio ya mtu wa kijijini ikiharibika ilifungwa ndani ya kanga, ikaletwa mjini na kusubiriwa kama mgonjwa. Vipuri havikuwepo. Baba na binti walikuwa wanang'oa kidude kwenye redio iliyokufa na kukipachika kwenye redio iliyo hai, na mara nyingi ilikubali.

Baadaye mipaka ya biashara ikafunguliwa na redio za kutoka Dubai zikajaa sokoni kama nyanya. Ikiharibika unatupa, unanunua nyingine. Mzee Mohamedi alifariki mwaka tisini na nne, meza yake ikiwa na redio tatu tu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mwanne alikaa na zile redio mwaka mzima, kisha akaamua kufuata umeme ulikohamia, yaani kwenye magari.

Alianza na redio za magari, akaja ving'ora vya wizi, halafu nyaya. Kufikia mwaka elfu mbili na nne alikuwa na meza yake kwenye baraza la duka la vipuri la Bilkis, mwanamke wa Kihindi waliyesoma naye shule ya msingi, wakaitana kwa majina mpaka uzeeni. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanaingia Dodoma kila wiki, na mengi yalikuwa na kompyuta. Makenika wenye miaka thelathini kazini walikuwa wakifungua boneti, wakiona lile sanduku la bati lenye nyaya hamsini, wanaifunga tena boneti taratibu. "Mpelekee Bi Mwanne," walisema. Yeye hakuogopa waya hata mmoja. Alichukua mita yake, akapima volti moja baada ya nyingine, akaandika kwenye daftari. Mimi niliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na haya mengi alinisimulia mwenyewe. Yaliyobaki niliyapata kwa Bilkis, ambaye hakuwahi kuficha jambo.

Mwezi wa nane mwaka huo alikuja Fabian. Alikuwa mkulima wa zabibu wa Hombolo, umri wake kama miaka thelathini na mitano, mrefu, mcheshi, mwenye pikapu ya dizeli aliyoipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Mkewe, Anastazia, alikuwa anauza zabibu sokoni mjini, na msimu ukikolea Fabian alizipeleka mwenyewe mpaka Morogoro.

"Shikamoo, Bi Mwanne."

"Marahaba, Fabian. Gari limekusumbua tena?"

"Panya. Wamekula waya. Linawaka, linazima, linawaka."

Mwanne alifungua boneti. Kwenye bomba nene la chuma linalogawa dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini kulikuwa na sensa ndogo yenye nyaya tatu, kazi yake kuiambia kompyuta presha ya dizeli ni kiasi gani. Waya mmoja ulikuwa umetafunwa. Aliuunga kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa kali na wateja wawili walikuwa wanasubiri. Fabian akaondoka. Siku ya tatu akarudi, anacheka peke yake.

"Bi Mwanne, umefanya nini kwenye gari langu?"

"Kwani vipi?"

"Limekuwa na nguvu! Vilima vya Gairo nimepanda na mzigo kama gari tupu."

Mwanne alishangaa. Akaangalia pale alipounga, akaona kiungo kibaya, lehemu haikushika vizuri, waya umeshikilia kwa nywele mbili tatu. Akaona aibu. Akaunga upya, vizuri, kama alivyofundishwa. Kesho yake Fabian akarudi, safari hii hacheki.

"Nguvu zimeondoka. Rudisha vile vibaya."

Bilkis alikuwa anasikiliza kutoka ndani ya duka, akacheka mpaka akashika kaunta. Lakini Mwanne hakucheka. Kichwa chake kilishaanza kazi. Alikaa na mita na daftari siku mbili, akapima ule waya gari likiwa limewashwa, na akaelewa. Kiungo kibaya kilikuwa kinapunguza volti. Kompyuta ikiona volti imepungua inaamini presha ya dizeli imeshuka, basi inaiambia pampu iongeze. Pampu inaongeza. Gari linapata dizeli nyingi kuliko lilivyopangiwa, na linapata nguvu.

"Kwa hiyo tunaidanganya," Fabian alisema alipoelezwa.

"Tunaidanganya kidogo."

Akatengeneza kisakiti. Rezista mbili, vidude vya kupunguza umeme, na kile kidude cha volyumu alichokitoa kwenye redio mojawapo ya zile tatu za baba yake. Akavitia vyote ndani ya kikopo cheusi cha filamu ya kamera, akatoboa tundu la nyaya, akakifunga chini ya boneti kwa mpira. Ukizungusha volyumu kidogo, kompyuta inadanganyika kidogo. Ukizungusha sana, inadanganyika sana. Aliiweka robo tu, akatia alama kwa rangi ya kucha.

"Hapa ndipo mwisho," alimwambia Fabian. "Usiguse."

"Nitagusaje kitu nisichokijua?"

Habari zikatembea. Katika wiki tatu alitengeneza vikopo viwili zaidi, kimoja cha mwalimu wa chuo aliyekuwa na gari la familia, kingine cha mwenye kigari cha mizigo wa Zuzu aliyekuwa anabeba mchanga. Aliniambia kwamba hakuwahi kuwa na furaha ya kazi kama ile tangu baba yake afe. Watu walikuwa wanakuja kushika mkono wake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Fabian alileta gari, akasema linanuka dizeli tangu Hombolo na mafuta yanapungua haraka. Anastazia alishuka na ndoo zake za zabibu, akamsalimia Mwanne na kwenda sokoni. Mwanne akafungua boneti. Palikuwa na unyevu upande wa nozeli, lakini hapakuonekana panapovuja.

"Washa injini tuone," alisema.

Fabian akawasha, akarudi kusimama kando yake. Bado hawakuona tone. Kulikuwa na harufu tu, na kitu kama moshi mwembamba sana ambao Mwanne alidhani ni mvuke. Fabian akainama, akapitisha kiganja chake polepole kando ya mabomba, kama mtu anayetafuta upepo unaingilia dirisha gani.

"Aa!" Akaurudisha mkono.

"Umeungua?"

"Hapana. Kitu kimenichoma. Kama mwiba."

Akafungua kiganja. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kidoa kidogo cheupe, kama tundu la sindano. Damu haikutoka. Mwanne alikiangalia, akakibonyeza, akamwambia pengine ni unywele wa waya. Fabian akacheka, akasema wanaume wa Hombolo hawafi kwa mwiba. Mwanne naye akacheka. Kile kicheko, aliniambia, ndicho kitu alichokisikia kichwani siku nyingi kuliko sauti nyingine yoyote ya siku ile.

Akazima injini. Fabian akaliacha gari, akaenda sokoni kwa mkewe akanywe chai, amwachie fundi kazi.

Mwanne alihudumia mteja mmoja, akala, akasali adhuhuri, akarudi kwenye pikapu. Alitaka kujua panapovuja bila kuchafua mikono. Akachukua kipande cha boksi lililokuja na vipuri vya Bilkis, akawasha injini, akalipitisha lile boksi palepale Fabian alipopitisha mkono.

Boksi likatoboka.

Hakuona kilicholitoboa. Hakusikia mlio uliozidi mlio wa injini. Karatasi ngumu ya boksi, nene kama kidole, ilifunguka mstari mbele ya macho yake kana kwamba kuna mtu ana wembe usioonekana. Upande wa pili wa mstari ule kulikuwa na dizeli, na upande wa huku kulikuwa na bomba lenye ufa usiozidi unene wa unywele.

Alizima injini. Alisimama pale ameshika boksi. Bilkis akatoka nje kwa sababu aliona mwenzake hasogei.

"Mwanne, nini?"

"Mkono wake ulikuwa hapa."

"Mkono wa nani?"

 Mwanne aliingia dukani, akavuta kijitabu cha Kiingereza cha injini za aina ile ambacho Bilkis alikihifadhi kwa ajili ya namba za vipuri. Alikuwa amekisoma mara nyingi. Kurasa za volti alizijua kwa moyo. Sasa akatafuta ukurasa wa presha yenyewe. Namba iliandikwa kwa paundi, kipimo kilekile cha mtu wa kujaza upepo.

"Bilkis, tairi la gari lako unajaza ngapi?"

"Thelathini. Thelathini na tano. Kwa nini?"

Mwanne akamwonyesha. Bilkis akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii wamekosea kuandika," alisema.

"Hawajakosea."

Iliandikwa karibu elfu ishirini. Na hiyo ilikuwa namba ya juu kabisa ya gari lisilodanganywa. Mwanne alikimbilia chini ya boneti, akafungua kile kikopo chake. Volyumu haikuwa robo. Rangi ya kucha ilikwanguliwa, na kidude kilikuwa kimezungushwa mpaka zaidi ya nusu.

Aliniambia alichokihisi pale hakikuwa hasira. Kwanza ulikuwa mshangao wa kijinga kabisa, wa mtu aliyekaa wiki kadhaa anapima volti, anapunguza volti, anaongeza volti, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza nyuma ya zile volti kuna nini. Redio haina presha. Ukiikosea redio inanyamaza. Maisha yake yote alikuwa ameshika vitu ambavyo vikikosewa vinanyamaza.

Bilkis alichukua ufunguo wa gari lake bila kuulizwa. Walimkuta Fabian kwenye kivuli cha meza ya Anastazia sokoni, amekaa chini, mkono umelala mapajani. Hakuwa anacheka tena.

"Wamenichoma sindano ya pepopunda," alisema. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda zahanati moja ya jirani, wahudumu wakaangalia kile kitundu, wakampa vidonge vya maumivu wakamwambia akapumzike. "Tunasubiri usafiri wa Hombolo."

"Nionyeshe mkono."

Kidole kilikuwa kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, na Mwanne alipokigusa kilikuwa baridi, katika jua lile. Kile kitundu kilikuwa bado kidogo vilevile.

"Kinauma?"

"Kinapiga. Kama kina moyo wake."

"Inuka, tunakwenda hospitali."

Anastazia akauliza hospitali ya nini, na mumewe ameshatibiwa. Mwanne akasema, "Mama, nifuate, nitakueleza njiani." Lakini njiani hakueleza. Alikaa kiti cha mbele, akifungua kijitabu mapajani na kukifunga. Bilkis ndiye aliyesema, kwa kifupi, kwamba huenda dizeli imeingia mkononi.

"Imeingiaje?" Anastazia aliuliza. "Pako wapi palipochanika?"

Bilkis akaongeza mwendo.

Hospitalini palikuwa na foleni ndefu ya watu waliokuwa na majeraha yanayoonekana. Muuguzi aliyekuwa mapokezi aliangalia kidole, akaandika jina, akawaonyesha benchi. Mwanne akabaki amesimama mbele yake.

"Dada, naomba daktari wa upasuaji."

"Kwa tundu la sindano?"

"Siyo la sindano. Ni dizeli. Imeingia kwa nguvu kuliko risasi." Akafungua kijitabu pale mezani, akaweka kidole kwenye namba. Akatoa na kipande cha boksi. Muuguzi aliangalia boksi, akamwangalia Fabian, akainuka.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Ulimboka, mtu wa maneno machache. Alimlaza Fabian, akabonyeza kidole, akabonyeza kiganja, akafuatilia na kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Fabian akauma meno.

"Saa ngapi ilitokea?"

"Saa nne asubuhi."

Daktari akaangalia saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro. "Nani alikuwepo? Nataka kujua ni kitu gani hasa, na nguvu yake."

Hapo, Mwanne aliniambia, ndipo alipopita kwenye njia nyembamba kuliko zote za maisha yake. Angeweza kusema bomba la gari limepasuka, basi. Ingekuwa kweli. Anastazia alikuwa amesimama mlangoni, polisi alikuwa anapita kwenye kibaraza na mgonjwa mwingine, na jina la Mwanne lilikuwa zuri mji mzima. Alifikiria pia ile rangi ya kucha iliyokwanguliwa, kwamba neno moja tu lingelitoa kosa kwake na kulipeleka kwa mtu aliyelala kitandani.

"Mimi ndiye niliyeongeza presha," alisema. "Nilitengeneza kifaa, nikadanganya kompyuta ya gari. Ni dizeli safi, haina kitu kingine. Ilikuwa imezidi kiwango cha kiwandani."

Anastazia akageuka akamtazama.

Dokta Ulimboka hakumlaumu. Aliuliza tena namba, akairudia kwa mdomo, kisha akamwambia muuguzi aandae chumba cha upasuaji mara moja. Alipokuwa anatoka alimwambia Mwanne, "Nimesoma habari za jeraha hili chuoni. Sijawahi kuliona. Kama usingesema ningempa dawa ya uvimbe nimlaze mpaka kesho."

"Na kesho?"

"Kesho tungezungumzia mkono mzima."

Fabian, kabla hajasukumwa, alimwita Mwanne kwa kichwa.

"Niliongeza," alisema. "Ile alama. Nilikuwa nataka kumpita jamaa mmoja Gairo."

"Nimeona."

"Kwa nini hujamwambia daktari?"

"Haikuhitajika kwa matibabu," alisema Mwanne, na machozi yakamtoka papo hapo, mbele ya watu.

Upasuaji ulichukua saa mbili. Wanawake watatu walikaa kwenye benchi moja. Bilkis katikati, kwa sababu Anastazia hakutaka kukaa karibu na fundi. Daktari alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na jambo asilolizoea. Alikaa chini nao.

"Nimekifungua kidole," alisema, "na chumba kizima kikanuka dizeli."

Anastazia aliweka kanga mdomoni.

"Imetembea ndani, kando ya mishipa, mpaka kwenye kiganja. Imefika mbali kuliko nilivyofikiri. Kitundu kilikuwa cha kuingilia tu. Nimesafisha nilichoweza, nimepaacha wazi, kesho kutwa naingia tena."

"Mungu wangu," alisema Bilkis. "Ndani ya mtu."

 Mwanne aliniambia kwamba kwa siku kadhaa baadaye hakuweza kupita kituo cha mafuta. Ile harufu aliyoishi nayo miaka kumi, aliyoitoa kwenye nguo kwa sabuni ya mche bila kufikiri, sasa ilimfanya azunguke kwa njia nyingine. Alikuwa akiwaza mkono uliofunguliwa kama boneti.

Fabian aliingizwa chumba cha upasuaji mara nne. Mara ya pili kidole cha shahada kilikuwa kimekwisha, kikakatwa. Mara ya tatu wakaondoa nusu ya kidole cha kati. Kiganja kilipona. Kidole gumba kikabaki na nguvu. Kwa mkono wa kulia wa mkulima, Dokta Ulimboka alisema, hiyo ni bahati kubwa, na Fabian akasema bahati ya namna hiyo angependa wampe mtu mwingine.

Wakati Fabian amelazwa, Mwanne alikwenda kutafuta vikopo vyake viwili. Mwalimu wa chuo alikuwa nyumbani. Alisikiliza habari yote amesimama getini na ufunguo mkononi, akageuka rangi, akasema, "Bi Mwanne, na watoto wangu huwa wanainama pale kumwagia maji rejeta." Akafungua boneti mwenyewe. Kikopo kikatoka, waya ukarudishwa kama ulivyotoka kiwandani.

Mwenye kigari cha mizigo wa Zuzu alikataa. Mwanne alimkuta anapakia mchanga, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kikopo chako kimenipa nguvu, sasa unataka kuninyang'anya?"

"Nimekwambia kilichotokea."

"Huyo bomba lake lilikuwa bovu. Langu zima."

"Hujui kama zima. Hata mimi sijui."

"Basi nikijua nitakuja."

Alimfuata mara tatu. Mara ya tatu alikwenda na kipande cha boksi, akamwomba awashe injini alipitishe kwenye mabomba. Yule bwana alipanda garini akaondoka na kumwachia vumbi. Baadaye alihama, wengine wakasema yuko Singida, na Mwanne hakujua tena habari za kile kikopo. Hilo lilimkaa. Hata miaka mingi baadaye, ukimtajia Singida, aliuliza habari za kile kigari.

Makenika wa mji walikuwa na maneno yao. Wengine walisema bomba la Fabian lilikuwa limechoka, nati imekazwa na kufunguliwa mara nyingi, lingepasuka hata bila kikopo. Mwanne alimpelekea fundi mmoja mtu mzima lile bomba, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akamwambia kwa haki kabisa kwamba haiwezekani kujua. Watu walidhani jibu hilo lingempa nafuu. Halikumpa.

Anastazia alimaliza mwezi mzima bila kumjibu salamu. Mwanne alikuwa akipeleka chakula wodini, anakiacha kwa muuguzi. Siku moja alimkuta Anastazia koridoni, peke yao, hakuna pa kukwepa.

"Mbukwa," Mwanne alimsalimu kwa Kigogo.

Anastazia alisimama. "Ningekuua ile siku," alisema kwa sauti ya kawaida. "Pale mlangoni. Ulivyosema 'mimi ndiye'. Halafu daktari akasema ungenyamaza mkono ungekwenda wote. Sasa sijui nikufanye nini."

"Hata mimi sijui."

"Sufuria zako ziko nne kwangu. Nitaziosha."

Hayo ndiyo maneno waliyoongea, na Mwanne aliyachukua kama yalivyo.

Mwezi wa kumi na mbili Dokta Ulimboka alimwita Mwanne akamwomba jambo. Alitaka mafundi wa magereji wa mji wakusanywe, waelezwe. Alikuwa ametembelea magereji mawili akawauliza kama wanapitisha mkono kutafuta panapovuja, wote wakasema ndiyo, kwa nini isiwe hivyo. Mwanne alikataa. Akasema hawezi kusimama mbele ya wanaume thelathini kutangaza ujinga wake. Alikataa mara mbili. Kisha Fabian mwenyewe alitoka Hombolo, mkono umefungwa kitambaa, akaja barazani kwa Bilkis.

"Twende," alisema. "Wewe ueleze ya gari, mimi nieleze ya mwiba."

Walikutana Jumamosi asubuhi kwenye gereji moja kubwa, watu wamekaa juu ya matairi na injini zilizofunguliwa. Mimi nilikuwepo. Mwanne alisimama na kijitabu, akaeleza sensa, waya, kikopo. Hakujificha nyuma ya neno hata moja. Alitaja mpaka kile kicheko chake. Akawauliza tairi wanajaza ngapi, wakajibu kwa pamoja, thelathini na tano. Akawasomea namba ya bomba. Kulikuwa na minong'ono, na wawili watatu wakatabasamu kama watu wanaosikia mwanamke ametia chumvi. Mmoja akasema, "Mama, mimi dizeli imenirukia maisha yangu yote. Ni mafuta tu. Unajifuta."

Fabian akainuka. Alifungua kile kitambaa polepole kwa mkono wa kushoto, kama mtu asiye na haraka, akaunyanyua mkono wake wa kulia.

"Ilinichoma hapa," alisema, akaonyesha hewani, mahali ambapo kidole hakikuwepo. "Tundu kama la sindano. Sikutoka damu hata tone. Nilikwenda kunywa chai."

 Kulikuwa na redio inaimba pembeni, mtu akaizima. Yule aliyesema unajifuta alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza, kiganja, mgongo, kiganja. Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyewahi kufanya kazi kwenye matrekta huko Kongwa, akasimama akasema kwa taabu kwamba mwenzake alikatwa mkono mwaka sabini na moja baada ya kushika bomba la nozeli, na wao miaka yote hiyo waliamini amerogwa. Akakaa chini. Akainama, akafunika uso, na waliokuwa karibu naye wakamwekea mikono mabegani.

Maswali yalikwenda mpaka adhuhuri. Mwanne aliwaonyesha namna ya kutumia boksi, gari likiwa linanguruma, na kila boksi lilipotoboka watu wazima walirudi nyuma hatua moja.

Hakutengeneza kikopo kingine. Wateja walikuja kumbembeleza, wengine kutoka Iringa, akawarudisha. Aliendelea na nyaya, ving'ora na sensa zilizokufa, akizirudisha zilivyokusudiwa na aliyezitengeneza. Fabian alijifunza kushika usukani kwa kiganja na kukata zabibu kwa mkono wa kushoto. Msimu wa mwezi wa tatu alipeleka mzigo wake Morogoro kama kawaida, taratibu, akipitwa na kila gari kwenye vilima. Anastazia alikuwa amekaa pembeni yake, na yeye ndiye aliyesema Bi Mwanne apelekewe ndoo moja ya zabibu.